Somo la 6: Homa Siyo Jina la Ugonjwa

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Matendo 28:1–10, Kumbukumbu la Torati 23:9–14, Walawi 13:1–8, Mithali 18:13, 17, Isaya 8:19, 20, 2 Wafalme 20:1–7, Yohana 9:1–3.

Fungu la Kukariri: Mithali 18:17. Lisomeni kwa pamoja katika kundi lenu, kisha kila mmoja alirudie kwa moyo.

Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa na vilima vya Mahenge. Mvua za masika zinaponyesha, mto hufurika na mbuga hujaa maji. Maji hayo ni baraka, kwa kuwa hulea mpunga unaolisha Ifakara na miji ya mbali. Maji hayohayo yakipungua huacha madimbwi ambamo mbu huzaliana. Wakati wa kilimo familia nyingi huhama kijijini na kuishi miezi kadhaa katika vibanda vya shambani, zikilinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama. Kutoka huko hadi zahanati ni safari ndefu ya miguu au baiskeli, na penye maji mengi ni mtumbwi.

Katika kibanda kama hicho mtoto akichemka mwili usiku, wazazi husema, “Ana homa.” Neno hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Homa ni mbiu ya namna hiyo: yatangaza kwamba kuna jambo mwilini, ila haitaji jambo lenyewe ni lipi. Anayekimbilia kujibu kabla hajajua anaitiwa nini, huenda akakimbilia upande usio na moto.

Juma hili tutajifunza jinsi ugonjwa unavyoingia, unavyodhuru na unavyotambuliwa, na jinsi Neno la Mungu linavyomfundisha mwamini kuchunguza kabla ya kutoa hukumu.

JUMAPILI
Hukumu Mbili za Watu wa Melita

Soma Matendo 28:1–10. Wenyeji wa kisiwa walitoa hukumu gani juu ya Paulo alipoumwa na nyoka? Ni nini kilichowafanya wabadili maneno yao, na je, hukumu yao ya pili ilikuwa sahihi kuliko ile ya kwanza?

Wenyeji wa Melita walikuwa watu wema. Waliwasha moto na kuwapokea wageni waliolowa mvua. Lakini nyoka alipoushika mkono wa Paulo, waliamua papo hapo kwamba alikuwa mwuaji aliyefuatwa na kisasi. Walipoona hakuvimba wala kuanguka, wakageuka na kumwita mungu. Walikosea mara zote mbili, kwa sababu ileile: waliona tukio la kweli, kisha wakalipa maana bila kuuliza.

Historia ya malaria imejaa hukumu za namna hiyo. Jina lenyewe latokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya, kwa kuwa kwa karne nyingi watu waliamini kwamba ugonjwa huu hutoka katika mvuke wa mabwawa. Walikuwa wameona jambo la kweli: waishio karibu na mabwawa huugua. Maana waliyolipa jambo hilo ndiyo iliyokosea. Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alipokuwa Algeria, aliona kwa darubini kimelea hai ndani ya damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alimkuta kimelea huyo tumboni mwa mbu. Kilichotoka bwawani kumbe kilikuwa na mabawa.

Zingatia jinsi Luka, aliyekuwa tabibu (Wakolosai 4:14), anavyoeleza ugonjwa wa baba yake Publio katika fungu la 8. Anataja homa, kisha anataja na tatizo la tumbo lililoandamana nayo. Hakuridhika na dalili moja. Paulo naye aliingia alikolala mgonjwa, akaomba, akaweka mikono juu yake. Hakuna mahali anapouliza mzee huyo amekosa nini.

Ni lini mara ya mwisho ulipotoa hukumu juu ya jambo uliloliona kwa macho, kisha ukagundua kwamba macho hayakukosea bali maana uliyoitoa ndiyo iliyokosea?

JUMATATU
Kinachosafiri Bila Kuonekana

Soma Kumbukumbu la Torati 23:9–14. Kwa nini Mungu aliunganisha usafi wa marago na uwepo wake katikati ya watu?

Askari wa Israeli aliagizwa kubeba kifaa cha kuchimbia pamoja na silaha zake. Hakuna mtu wa zama hizo aliyewahi kuona kijidudu. Watu walitii agizo lililowalinda dhidi ya adui wasiyemjua kwa jina.

Maradhi ya kuambukiza hayasafiri kwa njia moja. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Kifua kikuu hupita katika hewa mgonjwa anapokohoa. Homa ya papasi huletwa na papasi anayejificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Mtafiti Mswisi Rudolf Geigy, mwanzilishi wa kituo cha utafiti kilichofunguliwa Ifakara mwaka 1957, alimchunguza sana mdudu huyo. Kituo hicho kilikua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana leo.

Malaria ina njia yake. Mbu jike wa jamii ya anofelesi humwuma mtu mwenye vimelea na kuvinyonya pamoja na damu. Vimelea hukua ndani ya mbu kwa siku kumi hivi au zaidi kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Anapomwuma mtu wa pili, vimelea huenda kwanza kwenye ini, ambako huongezeka kimya kwa muda wa juma moja au zaidi, wala mtu hahisi lolote. Kisha huingia katika chembe nyekundu za damu, huzipasua na kuingia nyingine. Hapo ndipo homa hupanda, mwili hutetemeka na damu hupungua. Basi mtoto anayechemka leo aliumwa na mbu siku nyingi zilizopita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikadiria kwamba katika kijiji cha Namawala, karibu na Ifakara, mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Kuanzia mwaka 1997 mradi mkubwa ulisambaza vyandarua vilivyotiwa dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4. Uchunguzi uliofanywa magharibi mwa Kenya ulionyesha jambo jingine: hata nyumba zisizo na vyandarua zilipata kinga kiasi zilipokuwa karibu na nyumba zilizokuwa navyo, kwa kuwa mbu wengi walikufa kabla ya kufika kwa jirani.

Kwa hiyo anayetundika chandarua chake humlinda na jirani asiyejua. Linganisha na Wafilipi 2:4. Ni desturi gani ndogo za nyumbani kwako zinazomlinda au kumhatarisha mtu wa nyumba ya pili?

JUMANNE
Kuhani Anatazama Tena

Soma Walawi 13:1–8. Orodhesha hatua ambazo kuhani alipaswa kuzifuata. Alitakiwa kufanya nini pale alama zilipokuwa hazijadhihirika?

Sura hii huwachosha wasomaji wengi, lakini ndani yake mna rehema. Kuhani hakuruhusiwa kumtangaza mtu kuwa najisi kwa sababu tu ana doa. Alitazama rangi ya nywele. Alitazama kama pigo limeingia ndani kuliko ngozi. Akiwa na shaka, alimtenga mtu huyo siku saba na kumtazama tena. Bado akiwa na shaka, aliongeza siku saba nyingine. Mara nyingine mwisho wa uchunguzi ulikuwa kwamba ni upele tu, na mtu alifua nguo zake akarudi kwa watu wake. Bila kutazama mara ya pili, mtu huyo angepoteza nyumba, kazi na ushirika kwa ajili ya upele. Tena katika sura yote ya 13 kuhani haagizwi kumwuliza mgonjwa ametenda dhambi gani.

Kwa miaka mingi katika sehemu kubwa ya Tanzania kila homa ya mtoto ilihesabiwa kuwa malaria, naye alipewa dawa ya malaria. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza kwa makini watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Malaria ilionekana kwa mtoto mmoja hivi katika kila kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Wengine walikuwa na maradhi ya kuhara, maambukizi ya njia ya mkojo au homa ya matumbo. Wengi walisumbuliwa na virusi, ambavyo havitibiki kwa dawa ya malaria wala kwa antibiotiki. Na zaidi ya mtoto mmoja katika kila watano alikuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja kwa wakati uleule.

Fungu la kukariri linasema juu ya kesi: anayeanza kujieleza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje na kumhoji. Katika bonde la mbu, malaria ndiyo inayosimama kwanza barazani, na yule wa kwanza huaminiwa upesi. Kipimo ndicho mwenzake anayekuja kuhoji.

Kipimo cha haraka hutumia tone la damu ya kidole. Baada ya dakika 15 au 20 mstari mmoja penye alama ya uhakiki waonyesha kwamba malaria haikuonekana. Mistari miwili yaonyesha kwamba imeonekana. Mstari wa uhakiki usipotokea, kipimo kimeharibika na hakina jibu. Kipimo nacho kina mipaka yake: chaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa majuma kadhaa baada ya mtoto kupona, kwa sababu mabaki ya vimelea hukawia kutoka mwilini. Kwa hiyo mganga wa zahanati humwuliza mama maswali, humgusa mtoto, husikiliza kifua chake, na akiwa na shaka humwambia arudi. Naye hutazama tena, kama kuhani.

Soma Mithali 18:13. Fungu hili lingebadili nini katika namna unavyonunua dawa dukani?

JUMATANO
Wakati Kipimo Hakioni Kitu

Soma Isaya 8:19, 20. Watu hushawishika kutafuta ushauri wa namna gani wanapokosa majibu, na nabii anawaelekeza wapi?

Katika miaka ya 1990 watafiti waliokaa na watu wa Ifakara waliandika maelezo waliyoyasikia mara kwa mara. Mgonjwa anajisikia kila dalili ya malaria. Anakwenda hospitali, damu inapimwa, na anaambiwa haina kitu. Anarudi nyumbani na homa yake. Ndugu wanaeleza kwamba wachawi wamewaficha vimelea wasionekane kwenye darubini, au wamemtupia malaria ya uongo. Basi aende kwanza kwa mganga wa kienyeji afunguliwe, ndipo hospitali iweze kuona.

Maelezo hayo hayakutungwa na wajinga. Yalijibu swali halisi lililoachwa bila jibu: kama siyo malaria, ni nini? Mgonjwa aliyeambiwa tu kwamba hana kitu, hali mwili unamwaka, ameachwa njiani peke yake. Uchunguzi wa mwaka 2008 unaleta nuru hapa. Vimelea havikufichwa. Mara nyingi havikuwapo kabisa. Aliyekuwapo ni mwingine, kifuani, tumboni au katika mkojo. Kipimo kikikosa malaria, maana yake ni endelea kutafuta.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa degedege. Mtoto hukaza mwili, hugeuza macho na kutetemeka. Wazee wa sehemu nyingi za Tanzania walilihesabu kuwa jambo la pepo, wakamfukiza mtoto kwa mavi ya tembo, na wengi walionya kwamba akidungwa sindano atakufa. Baadhi ya watoto walifika hospitali wakiwa wamechelewa mno, wakafa baada ya kudungwa, na onyo likaonekana kuwa kweli. Sindano ikashitakiwa kwa kosa la kuchelewa. Degedege laweza kuletwa na malaria iliyofika kwenye ubongo, na homa ya uti wa mgongo, au na homa kali ya ugonjwa mwingine. Kwa mtoto mwenye homa, degedege, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, na kulegea hadi kupoteza fahamu ni dalili za hatari. Safari ya kwenda kituo cha afya ianze saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mkristo hakatai kwamba yapo mapambano ya kiroho. Lakini Isaya anawarudisha watu kwenye sheria na ushuhuda, kwenye neno linaloweza kupimwa, badala ya minong'ono. Anayemtafuta mwenye kulaumiwa kabla ya kumtafuta tabibu hupoteza saa ambazo mtoto hana, na mara nyingi mwenye kulaumiwa huwa ni bibi mzee wa jirani asiye na wa kumtetea.

Kama muumini wa kanisa lenu angekuja kwako usiku na maelezo kama hayo, ungemwambia nini bila kumdharau, na ungemsaidiaje kufika kituoni?

ALHAMISI
Sala na Bumunda la Tini

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Mungu alimwahidi Hezekia uponyaji. Kwa nini basi Isaya aliagiza bumunda la tini liwekwe juu ya jipu?

Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa. Dawa haikuonyesha shaka juu ya ahadi. Ilikuwa njia ambayo ahadi ilipita. Hezekia alisali kwa machozi, tena akakubali kutibiwa, na Maandiko hayaoni mgongano.

Waadventista wamepokea nuru kubwa juu ya afya: hewa safi, jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula bora, maji, na kumtumaini Mungu. Nuru hiyo imeokoa wengi. Lakini inaweza kushikwa vibaya. Ellen White alikuwa ameandika maonyo dhidi ya dawa kali za zama zake, kwinini ikiwemo. Alipokuwa Australia alikutana na ndugu aliyekuwa mmisionari visiwani. Mwanawe wa kwanza aliugua malaria vibaya. Baba alishauriwa ampe kwinini, naye kwa kuyakumbuka maonyo hayo akakataa, na mtoto akafa. Alimwuliza Ellen White kama angekuwa ametenda dhambi kumpa mtoto dawa hiyo wakati hakujua njia nyingine ya kuizuia malaria. Kwa masimulizi ya W. C. White, mwanawe, mama alijibu kwamba isingekuwa dhambi. Mungu hutazamia watu wafanye bora wawezalo.

Jibu hilo lilichelewa kwa mtoto mmoja, lakini halijachelewa kwa wengine. Tangu mwishoni mwa mwaka 2006 dawa mseto ndiyo inayotumika Tanzania kwa malaria ya kawaida. Mtoto aliyepimwa na kuonekana ana malaria, na akamaliza dozi yote ya siku tatu hata kama homa imeshuka siku ya kwanza, anatibiwa kwa kipawa cha Mungu. Aliyepimwa na kuonekana hana, akapewa dawa ya malaria hata hivyo, amenyimwa matibabu ya ugonjwa alio nao.

Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi waliuliza nani alitenda dhambi. Kanisani swali hili huulizwa kwa upole zaidi: je, alikula nini? Je, alifuata kanuni za afya? Je, imani yake ilipungua? Muumini aliyeugua husikia maswali hayo hata yasipotamkwa, akaficha ugonjwa wake. Ugonjwa uliofichwa huenea. Yesu hakuwapa wanafunzi mtu wa kulaumu. Aliwaonyesha kazi ya kufanya, naye akaanza kuifanya.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Luka 4:38–40, Mathayo 9:10–13 na Yakobo 5:13–16. Linganisha uchunguzi wa kuhani katika Walawi 13 na maombi ya Daudi katika Zaburi 139:23, 24. Daudi haogopi kuchunguzwa, anaomba achunguzwe. Anajua kwamba anayemtazama anataka kumponya. Moyo, kama mwili, una dalili zinazofanana kwa maradhi tofauti. Hasira ya mmoja yatoka katika kiburi, ya mwingine yatoka katika msiba asioweza kuusema. Aliyeacha kuja kanisani huenda amepoa imani, au huenda hana nauli, au ana mgonjwa nyumbani. Anayempa kila mmoja kemeo lilelile anafanya kama muuza duka anayetoa dawa moja kwa kila homa. Mchungaji Mkuu hutazama, huuliza, hungoja na hutazama tena.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika eneo lenu, mtoto akipata homa usiku, hatua ya kwanza ya familia nyingi ni ipi? Ni nini kinachowachelewesha: umbali, fedha, hofu, au ushauri wa jamaa?

2. Familia zinazohamia mashambani wakati wa kilimo huwa mbali na kanisa na zahanati kwa miezi. Shule yenu ya Sabato inaweza kupanga nini ili kila familia iondoke na vyandarua, namba ya simu ya kupiga usiku, na mtu mwenye pikipiki au mtumbwi aliyekubali kuitwa?

3. Ndugu mmoja anasema kwamba kupima damu ni kukosa imani. Mwingine anasema kwamba kipimo kikionyesha hakuna malaria, maombi ndiyo pekee yaliyobaki. Mngemjibu kila mmoja kwa mafungu gani ya juma hili?

4. Je, kuna mtu katika jamii yenu anayeshukiwa kwa uchawi kwa sababu ya ugonjwa au kifo cha mtoto? Kanisa linaweza kusimama naye kwa namna gani kabla ya maneno kugeuka kuwa mawe?